Tulivyompigia Kura Muuaji

Mwaka 1974 kijiji chetu kilipata kaburi kabla ya kupata maiti.

Usirudi juu kusoma upya. Umesoma sawasawa.

Asubuhi moja tuliamka tukakuta kaburi katikati ya shamba la ujamaa. Limeinuliwa vizuri, udongo umelainishwa kwa kiganja, mawe yamepangwa pembeni kwa heshima zote. Tukaitana, tukajihesabu, tukarudia kujihesabu. Hakuna aliyekufa.

Mvua za msimu ule hazijaisha, muuaji alikuwa ameshapatikana.

Kwa kura.

Nitasimulia taratibu, maana mimi ni mtu wa taratibu. Wenye haraka tangulieni kwenye maoni, ndiko mnakoishi.

Naitwa Ildefons. Kwetu ni Kanazi, Bukoba, mahali ambapo migomba imebanana na watu wamebanana ndani ya migomba. Kila kibanja, yaani shamba la nyumbani, kina makaburi ya babu, na ya babu wa babu. Hata waliopotelea mbali wana makaburi yao, mgomba umelazwa ndani badala ya mwili. Ukitaka kuchimba choo, inabidi kwanza uwaombe radhi watu wanne waliolala chini.

Kwa Mhaya kaburi si huzuni tu. Kaburi ni mpaka. Baba yako akishazikwa hapo, hapo ni kwenu, na atakayekuhamisha hajazaliwa.

Sasa serikali ikasema twende tukaishi pamoja. Sisi tuliokosa nafasi nyumbani tulipakiwa kwenye lori na majembe yetu, tukashushwa upande wa Kimwani, Muleba, tufungue kijiji kipya. Ardhi tele, nyasi ndefu kuliko mtu, na nyani waliotutazama kama wageni wasiobisha hodi.

Kijiji kilikuwa na kila kinachotakiwa katika kijiji cha mfano. Bango tulikuwa nalo. Mwenyekiti tulikuwa naye. Na duka la ushirika lenye kila kitu kasoro bidhaa.

Muuza duka alikuwa Burhani, Mwislamu wa Bukoba mjini, mwenye kofia safi na ulimi usiochoka. Ukimwuliza kuna nini leo, anakujibu, "Leo ipo mizani. Nzima kabisa. Nikupimie nini?"

Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Sikusomea ualimu. Niliishia darasa la nne, mengine nilijisomea mwenyewe, na kijijini pale hilo lilitosha kuitwa mwalimu.

Shida ilikuwa kuwapata wanafunzi. Mtu amelima tangu alfajiri, halafu saa kumi jioni unamwambia aandike "baba, bata, bati". Anakutazama kama mgonjwa.

Ikabidi nitafute chambo.

Nilikuwa na sanduku la vitabu vya Kiingereza. Aliviacha Mzungu mmoja bwana kahawa aliyeondoka baada ya Uhuru, vikanifikia mimi, na Kiingereza changu chote nilijifunzia humo kwa kutumia kamusi. Ndiyo maana hadi leo najua majina ya sumu nyingi kwa Kiingereza lakini siwezi kuagiza chai.

Maana vilikuwa vitabu vya mauaji. Vyote. Na vyote vilitokea katika kijiji kimoja cha Uingereza, kijiji kidogo chenye kanisa, maua na mvua isiyokatika. Kila baada ya muda mtu tajiri anakutwa amekufa. Polisi wanachanganyikiwa. Halafu anatokea mzee mmoja muuza mbegu za bustani, na baiskeli yake, anapita nyumba hadi nyumba akiuza mbegu na kuuliza maswali ya kijinga. Mwishoni anawakusanya wote sebuleni, anawatazama mmoja mmoja, anakohoa, anasema, "Aliyeua ni..."

Na hapo kitabu kinakwisha.

Siyo kosa la mwandishi. Sanduku nililiacha kwa mjomba wangu Rugemalira nilipokwenda kibarua, na mjomba alikuwa mvutaji wa tumbaku. Kurasa za mwisho alizisokota moja baada ya nyingine. Nilipolalamika alishangaa sana.

"Mwana wa dada," akasema, "nilichana kwa nyuma kwa adabu. Nani anafikaga huko?"

Basi nikawa namaliza kisomo, nafungua kitabu, nakisoma kwa Kiswahili. Wiki ya kwanza walibaki watu watano. Wiki ya tatu banda lilijaa, waliochelewa wakasimama nje wakitafuna kahawa na kutema maganda kwenye viatu vya wenzao. Tulipofika ukurasa uliovutwa na mjomba, ilitokea kelele ambayo sijawahi kuisikia darasani.

"Nani sasa? Mwalimu, nani?"

"Ukurasa haupo."

"Haupo vipi? Mtu ameuawa!"

Aliyetuokoa ni mwenyekiti wa kijiji, Byabato. Mzee mrefu, koti halimtoki mwilini hata wakati wa jua, mtu wa utaratibu kuliko utaratibu wenyewe.

"Ndugu wananchi," akasema, "hili si jambo gumu. Tuna njia yetu ya kuamua mambo. Wanaosema ni mke wa mchungaji, wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda kama mahindi.

Mke wa mchungaji wa Uingereza alipatikana na hatia kwa kishindo, tukaenda kulala tumeridhika. Tangu siku hiyo kila kitabu kilimalizwa hivyo. Hakuna muuaji aliyewahi kutushinda.

Siku moja nilimuuliza Celina anapenda nini kwenye vitabu vile. Celina alikuwa mjane, jirani yangu, mwanamke ambaye macho yake yaliona kupitia ukuta wa udongo.

"Ma Celina, hawa watu huwajui, nchi yao huijui, baridi yao huijui. Kinakuvutia nini?"

Akafikiri. Akanijibu jambo ambalo hadi leo sijaona msomi akilisema vizuri zaidi.

"Mwalimu, mimi nimezika wengi. Mtu akifa kwetu, unalala chini, unapika ndizi za watu usiowajua, na shemeji anakuja kulia huku anapima kibanja kwa macho. Kule mtu anakufa ukurasa wa tatu, ukurasa wa nne wanakunywa chai na keki. Hakuna anayelia mpaka kamasi. Hakuna hata wa kuchimba shimo."

"Ni hilo tu?"

"Na mwisho wanatajiwa jina. Sisi hapa mtu akifa tunanong'onezana ni fulani, ni fulani, mpaka na sisi tunakufa. Hatutajiwi. Kule wanatajiwa, halafu kesho yake wanamwagilia maua."

Nikafungua kitabu kingine.

Sasa kaburi likatokea.

Lilikuwa bondeni, karibu na chemchemi, penye udongo mweusi kuliko kote. Makaburi rasmi ya kijiji yalikuwa yamepangiwa kilimani, mahali penye mawe ambapo hata panya angechimba huku akinung'unika. Hakuna aliyekuwa amezikwa huko bado. Kijiji kilikuwa kichanga.

Tulisimama tukalizunguka.

Halafu Celina akavuta pumzi, na nakuapia, uso wake uling'aa kama wa bibi harusi.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "ni sisi sasa. Yametufikia."

Tangu saa ile kijiji kizima kikawa muuza mbegu.

Watu waliokuwa hawatembeleani wakaanza kutembeleana. Unakaa kwako, mtu anabisha hodi, anaulizia ungo, halafu bila haraka: "Hivi, jirani, usiku ule wewe ulilala saa ngapi?" Wanaume wakawa wananusa lubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla ya kunywa, kisha wanainywa yote hata hivyo, kwa ajili ya uchunguzi. Mgambo wetu, Kashaija, aliwekwa kulinda kaburi na akalilinda vizuri sana dhidi ya mbuzi.

Burhani peke yake hakuchangamka.

"Mwalimu," akaniambia dukani, "mimi sijapata sabuni mwezi wa pili. Kiberiti hakuna. Watu wanatoka nyumba hii kwenda ile kuomba kaa la moto. Lakini hakuna anayeuliza kiberiti kiko wapi. Wote wananiuliza kama niliuza kamba."

"Uliuza?"

"Kamba! Ningekuwa na kamba si ningelifunga duka hili nayo nikapumzika?"

Kila hadithi ya aina hii inahitaji mtu aliyetoweka. Tukamtafuta, na tukampata.

Lameki.

Lameki alikuwa mwanamume wa makamo aliyehamia pale na mke wake, Kokuhirwa, na watoto wao. Mwezi mmoja kabla ya kaburi alifunga mzigo akaenda Kanazi kumkabili ndugu yake aliyekuwa anakalia kibanja cha baba yao. Kokuhirwa hakutaka aende. Walizozana uani, kijiji chote kikisikiliza kwa hisani, na mwishoni Kokuhirwa akampigia kelele: "Basi nenda, ukazikwe hukohuko!"

Neno la hasira. Mke gani hajasema kama hilo?

Lakini sasa Lameki hajarudi, na bondeni kuna kaburi.

"Alimwambia akazikwe," Celina akasema. "Tulisikia wote. Sasa amezikwa."

"Alimwambia akazikwe Kanazi," nikasema.

"Mwalimu, na wewe! Muuaji anaweza kutaja mahali penyewe?"

Nilijaribu njia ya kawaida. Katika kikao nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, tuna majembe. Tufukue tuone ni nani."

Hujawahi kuona watu wamechukia hivyo. Walinitazama kama mtu aliyeutoboa mwisho wa hadithi mbele ya watoto. Wiki nzima za kubuni, za kunusa, za kuulizia ungo, halafu mtu mmoja anataka ziishe kwa jembe!

Byabato akasimama polepole, akafunga kifungo cha koti.

"Mwalimu amesoma, tunamheshimu. Lakini kaburi halifukuliwi. Mwenye kufukua kaburi analeta balaa kwake na kwa jirani. Hilo tulikuta, tutaliacha. Nimeshatuma habari polisi, tusubiri."

Kwa hilo la kaburi alisema kweli, ndivyo tulivyolelewa. Watu wakapiga makofi.

Majibu ya polisi yakaja: askari yupo, pikipiki ipo, petroli haipo.

Mwenyekiti akasema basi hakuna mtu kukanyaga eneo lile mpaka serikali ifike, kulinda ushahidi. Neno "ushahidi" lilikuwa limetoka kwenye vitabu vyangu. Mvua ikanyesha. Majani yakaota juu ya kaburi, na hakuna aliyethubutu kuyang'oa.

Wakati sisi tunaburudika, kuna mtu alikuwa anaishi ndani ya burudani yetu.

Nilisema kiberiti kilikuwa hakuna. Asubuhi kila nyumba ilikwenda kwa jirani mwenye moto kuomba kaa. Kokuhirwa alikwenda kwa Celina, akaambiwa moto umezimika. Moshi unatoka juu ya paa, lakini moto umezimika. Akaenda nyumba ya pili, nako umezimika. Kijiji kizima moto ulimzimikia mtu mmoja.

Watoto wake wakala ndizi mbivu zisizohitaji moto, na viazi vya jana.

Nilichukua kaa kwenye kigae nikampelekea. Nilimkuta amekaa kizingitini, hafanyi kitu. Mwanamke wa pale kukaa hafanyi kitu, ujue hali ni mbaya.

"Ma Kokuhirwa, moto huu."

Akaupokea kwa mikono miwili. Hakulia. Akaniuliza swali.

"Mwalimu, katika vile vitabu, yule mwanamke wanayemdhania mwanzoni, yule ambaye mwishowe siye. Siku zile zote wanapomdhania, anakula nini?"

Nikafikiri kwa makini. Nimevisoma vyote.

"Kitabu hakisemi."

"Ndiyo maana ni kitamu," akasema, akainama kuupuliza moto.

Nilirudi nyumbani na kigae kitupu.

Halafu Byabato akatangaza mkutano. Jumapili baada ya sala, katika banda la kisomo. Polisi hawaji, akasema, na kijiji hakiwezi kuishi na muuaji. Hatutafukua, hatutapiga mtu, sisi ni wastaarabu. Tutapiga kura. Akionekana ndiye, aondoke na watoto wake, habari iishe.

Aondoke aende wapi? Kanazi shemeji yake alishawatoa nje ya kibanja. Ndiyo sababu walikuwa pale. Nyuma hapakuwa na kitu, mbele palikuwa na nyasi na nyani.

Jumapili banda lilijaa kuliko siku yoyote ya kisomo. Watu walikuja na kahawa za kutafuna. Wengine walibeba vigoda.

Kokuhirwa alisimama mbele na mtoto mgongoni.

"Ndugu mwenyekiti," nikasema, "kura haiwezi kujua kilichomo chini ya ardhi."

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetusomea," akajibu kwa upole. "Mke wa mchungaji tulimpataje?"

Watu wakacheka.

"Yule hakuwa na watoto wa kulisha," nikasema. "Hakuwa hata na mwili."

Hakuna aliyecheka. Lakini hakuna aliyesikiliza pia.

"Wanaosema ni Kokuhirwa, wanyooshe mikono."

Ikapanda ya Celina kwanza. Kisha nyingine, kisha nyingine, wengine wakitazama jirani kabla ya kunyoosha. Burhani aliitia yake mfukoni, na mimi nilikalia yangu. Haikusaidia kitu.

"Imepita," Byabato akasema.

Hapo Kokuhirwa akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Nimesikia, Ta Byabato. Mmesema nimemuua mume wangu na yuko bondeni. Sawa. Basi mimi ni mjane."

Akamkaza mtoto mgongoni.

"Na mjane ana haki ya kulia kaburini kwa mumewe kabla hajaondoka, na kulipalilia kwa mkono wake. Nani hapa alimnyima mjane hilo? Ma Celina, wewe ulinyimwa?"

Celina akatazama kigoda chake. "Sikunyimwa."

"Eneo limefungwa," Byabato akasema haraka. Haraka kuliko kawaida yake. "Ushahidi."

"Ushahidi wa nini tena, na kura imepita?" Burhani akauliza kutoka nyuma. "Au kura haikupita?"

Watu wakaguna. Kuzuia mjane kulia ni kitu ambacho hata watu waliojaa hamu ya damu ya hadithi hawakukiweza. Na tuseme ukweli, nani angekosa kuona mke muuaji akililia kaburi? Tukashuka bondeni wote, vigoda mkononi.

Kaburi lilikuwa limefunikwa na majani hadi magotini. Kokuhirwa akampa Burhani mtoto ampakate, akapiga magoti, akaanza kung'oa. Anang'oa, anaweka pembeni. Anang'oa, anaweka pembeni. Tulisimama tukingoja kilio.

Badala ya kilio mikono yake ikasimama.

Kisha akashtuka kwa Kihaya, "Maawe, mama wee! Njooni mwone. Mume wangu ameota."

Tukasogea.

Kwenye kichwa cha kaburi, kati ya majani aliyoyagawa kwa mikono, palisimama chipukizi la mgomba. Nene, limechongoka kama mkuki, na jani moja lililojikunja likitazama mbinguni.

Nyie, watu wa migomba hatuhitaji maelezo ya mgomba. Mgomba hauna mbegu ya kupeperuka. Hauanguki toka mdomoni mwa ndege. Mgomba unaota mahali palipofukiwa mgomba, basi.

Na shina la chipukizi lile lilikuwa jeusi.

Katika kijiji kile chote, migomba ya shina jeusi ilikuwa nyuma ya nyumba moja tu. Ilitoka Kanazi, ya ukoo wa mwenyewe, na mwenyewe hakuwahi kumgawia mtu hata chipukizi moja. Kwetu kunyima jirani chipukizi ni kama kumnyima maji, kwa hiyo kila mtu alikumbuka siku aliyonyimwa.

Kijiji kizima kikageuka kikamtazama mwenye koti.

"Ta Byabato," Celina akasema, na sauti yake ilikuwa tamu kama asali ya nyigu. "Mimi nilikuomba chipukizi la huu mgomba hapo mlangoni kwako. Uliniambiaje?"

"Huenda ndege..."

"Ndege?" Burhani akadakia. "Ndege gani huyo, ana lori?"

Kicheko kilichotoka pale kiliwafukuza nyani hadi ng'ambo.

Byabato hakucheka. Alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena. Halafu akakaa chini kwenye majani, mzima mzima na koti lake.

"Ni kaka yangu Kagaruki," akasema.

Kaka yake alichukuliwa kwenda vita ya Wazungu akiwa kijana, hakurudi. Baba yao alikataa kuzika mgomba, akisema atarudi. Baba akafa akingoja. Sasa wamehama, wamemwacha kaka hana kaburi Kanazi na hana kaburi Kimwani. Ndipo Byabato akachukua mgomba wa ukoo, akauzika usiku kimya kimya.

"Nilitaka apate pa kulala," akasema.

"Penye udongo mweusi," Celina akasema. "Karibu na maji. Shambani kwetu sote. Kesho wanao waseme baba mkubwa amelala hapa, hatuhami."

Byabato akainama, akapangusa majani kwenye koti.

Niliuliza moja tu, maana lilikuwa linanisumbua. Mgomba wa kuzika unakatwa, unazikwa shina. Shina haliwezi kuota. Yeye alifukia mpaka tunguu lake la chini. Kwa nini?

Akamtazama Celina.

"Ningekata, kingebaki kisiki nyuma ya nyumba. Huyu angekiona kabla sijanawa mikono."

Kwa hiyo aling'oa mgomba mzima na tunguu lake, akasawazisha ardhi, asiache alama. Na alichokizika ili kisionekane ndicho kilichoota kikamsalimia.

Watu walikuwa wameanza kuondoka, wanacheka, wanapangusa vigoda. Hadithi imekwisha, wametajiwa jina. Kesho ni kumwagilia maua.

"Kaeni," Kokuhirwa akasema.

Alikuwa bado amepiga magoti, mikono ina udongo.

"Nyoosheni tena mikono. Wanaosema nimeua."

Hakuna.

"Wanaosema sikuua."

Mikono ikapanda. Ya Celina haikuwa ya kwanza safari hii. Ilipanda pole pole, kama yenye mzigo. Ya mwisho ilikuwa ya Byabato, kutoka chini kwenye majani.

Kokuhirwa aliwatazama muda mrefu. Hakusema asante. Akamchukua mtoto wake kwa Burhani, akapanda mlima kwenda nyumbani.

Kesho yake asubuhi, nasikia, alikuta makaa ya moto mlangoni kwake kwenye vigae, mengi mpaka yangeweza kuchoma nyumba. Ndivyo kijiji kinavyoomba radhi: hakisemi kitu, na kinazidisha.

Lameki alirudi kabla ya mwezi kwisha, akisukuma baiskeli kuukuu. Kesi ya kibanja ilimchelewesha, na akashindwa. Alipoingia kijijini wanawake walipiga kelele. Celina alimkagua toka kichwani hadi miguuni, akasema kwa masikitiko ya kweli, "Sasa na wewe umerudi kufanya nini?"

Byabato hakuvuliwa uenyekiti. Nani angeitisha kikao? Lakini kijiji kiliamua kaburi lisiguswe, mgomba ule uachwe, na ndizi zake ziwe za Kokuhirwa. Naye Kokuhirwa aligawa machipukizi kwa kila aliyeomba, hata kwa Celina. Leo ukipita pale, nyuma ya kila nyumba utaona shina jeusi. Wote ni watoto wa Kagaruki.

Kuhusu Byabato, watu huniuliza kama alikuwa mwizi wa ardhi au ndugu mwenye uchungu. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado sijafika. Nadhani mgomba mmoja unaweza kuzikwa kwa sababu mbili. Ninachokijua bila shaka ni kwamba alimwacha mama wa watoto akose moto, na ukweli alikuwa nao mdomoni.

Sasa nyinyi mnaosema hadithi za mauaji zina hatari, ngojeni.

Jumatatu iliyofuata kura ile, saa kumi, nilikwenda bandani nikidhani sitakuta mtu. Nilikuta limejaa. Celina mbele. Na pembeni yake, mtoto mgongoni, Kokuhirwa.

"Ma Kokuhirwa," nikashangaa, "na wewe?"

"Soma, mwalimu. Kule hakuna anayelala njaa. Niache nipumzike."

Nikasoma. Mvua, kanisa, tajiri amekufa, muuza mbegu na baiskeli yake. Nikafika kwenye ukurasa uliovutwa na mjomba. Nikafunga kitabu.

"Tupige kura?" nikauliza.

Hakuna mkono ulioinuka. Watu walitazama sakafu.

Kokuhirwa akainua kichwa.

"Kwanza tuambie, mwalimu. Walifukua?"

Mimi funzo langu ni hilo swali lake, sina jingine. Penda hadithi za mauaji upendavyo, mimi mwenyewe bado nazisoma. Lakini siku maiti ikihamia mtaani kwako, na jina la jirani likaanza kupita midomoni, uliza kama kuna mtu amefukua. Uliza pia nani hajapewa moto.

Na wewe uliyeandika kwenye maoni, tangu kwenye habari ya ungo, kwamba muuaji ni Celina: shusha mkono.